Nusu ya Hadithi

Katika kukagua mazoezi ya kufundisha, tulimkuta mwanachuo mmoja akiwaonyesha watoto wa darasa la sita filamu iitwayo The NeverEnding Story, huku akiwafasiria maneno kwa Kiswahili. Somo lilipendeza. Mwishoni aliuliza, "Hadithi hii inatufundisha nini?" Mtoto mmoja akajibu kwamba ukipata joka utawakomesha wote waliokuonea. Mwanachuo akamsifu. Mtoto hakukosea, maana ndivyo filamu inavyokwisha. Aliyepungukiwa ni mwalimu, ambaye hakujua kwamba amefundisha nusu ya hadithi.

Filamu hiyo iliongozwa na Wolfgang Petersen na kutolewa mwaka 1984. Chanzo chake ni riwaya ya Mjerumani Michael Ende, iliyochapishwa mwaka 1979. Bastian ni mvulana aliyefiwa na mama, tena huonewa na wenzake. Anajificha na kitabu alichokichukua dukani bila ruhusa, na humo anasoma habari za Atreyu, kijana aliyetumwa kuiokoa nchi ya Fantasia inayomezwa na Utupu. Farasi wa Atreyu anazama katika kinamasi cha huzuni; joka jeupe la bahati linamsaidia. Hatimaye Bastian anatambua kwamba anayengojewa ni yeye mwenyewe, ampe malkia mdogo jina jipya. Nchi inaokoka, naye anapanda joka na kuwakimbiza waliomwonea.

Lakini riwaya ina sura 26, na jina hilo hutolewa karibu na katikati tu. Yanayofuata ndiyo kiini chake. Bastian hutimiziwa kila atakacho, ila kila tamaa inapotimia husahau jambo moja la maisha yake ya zamani. Anapata uzuri, nguvu na sifa, hata anafikia kumjeruhi Atreyu, rafiki yake. Mwishowe jina lake mwenyewe linamtoka. Rafiki yule yule ndiye anayemwokoa. Anaporudi kwa baba yake, anakwenda pia kwa mwenye duka kukiri wizi wake.

Ende mwenyewe hakuridhika na filamu, akataka jina lake liondolewe. Sisi hatuwalaumu mno waliotengeneza. Filamu huchukua saa moja na nusu hivi, na joka lile lilikuwa sanamu kubwa ya mitambo iliyohitaji watu wa kuiendesha. Mwaka 1990 ilitoka filamu ya pili iliyotumia baadhi ya mambo ya nusu iliyobaki. Mwalimu, hata hivyo, hana udhuru huo, kwani kusimulia hakuhitaji mitambo.

Huenda wenzetu wakasema kwamba mtoto anayeonewa anastahili furaha ya ushindi. Ni kweli, na tusimnyime. Lakini mtoto anayeonewa leo ndiye kiranja wa kesho, na baadaye huenda akawa mwalimu mwenye fimbo mkononi. Tukimfundisha kulipiza tu, atakapopata nguvu hatakuwa na neno la kumzuia. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba tamaa mbele, mauti nyuma.

Kwa hiyo twawashauri wanachuo wafanye hivi. Kwanza, kabla ya kuonyesha filamu yoyote iliyotokana na kitabu, mwalimu akitafute kitabu hicho akisome mpaka mwisho. Pili, aisimamishe filamu pale malkia anapomwambia Bastian aombe atakacho, awaulize watoto: Wewe ungeomba nini? Na ili ukipate, ungekubali kusahau nini? Awape muda wa kujibu, wala asiharakishe. Tatu, filamu ikiisha, awasimulie kwa kinywa chake nusu iliyobaki.

Hapo ndipo aulize hadithi inafundisha nini. Tunaamini kwamba majibu hayatakuwa ya joka peke yake.