Mgonjwa wa utumbo mfupi asirudishwe nyumbani kufa

Hospitali inayomruhusu mgonjwa wa utumbo mfupi arudi nyumbani kwa maneno "tumefika mwisho", bila kumpa hata maji sahihi ya kunywa, imeshindwa wajibu wake. Kisingizio kinajulikana: Tanzania mgonjwa wa kawaida hawezi kulishwa kwa mshipa akiwa nyumbani.

Ni kweli, hawezi. Katika miaka ya 1960 Stanley Dudrick na wenzake wa Philadelphia walionyesha kwamba mtoto anaweza kukua kwa chakula kinachopita kwenye mshipa mkubwa wa damu, na nchi tajiri zikaihamishia huduma hiyo nyumbani. Inahitaji mifuko ya chakula hicho iliyochanganywa katika chumba kisicho na vijidudu, jokofu, na muuguzi anayepatikana wakati wote. Mrija ulio kwenye mshipa ukichafuka, vijidudu vinaingia moja kwa moja kwenye damu. Hatuidai wizara ilete hayo kesho.

Tunachokikataa ni kifo cha kiu. Mtu mzima ana utumbo mwembamba wa mita 6 hivi. Ukijisokota, au homa ya matumbo ikiutoboa, mpasuaji hukata kilichooza. Ukibaki chini ya mita 2, huo ni utumbo mfupi. Ncha yake ikitolewa nje kwa tundu la tumboni, majimaji yanayotoka huweza kufika lita kadhaa kwa siku. Mgonjwa anashikwa na kiu kali. Ndugu wanampa maji, chai na madafu, na wodini anahimizwa anywe zaidi. Hapo ndipo anapomalizwa. Sehemu ya juu ya utumbo haiwezi kuzuia sodiamu: maji matupu yakifika humo huvuta chumvi kutoka mwilini, kisha vyote hutokea kwenye tundu na kuishia kwenye mfuko unaovaliwa tumboni. Kadiri anavyokunywa ndivyo anavyokauka.

Dawa yake haihitaji kiwanda. Hospitali ya St Mark's ya London, yenye uzoefu mkubwa wa tatizo hili, hutumia lita 1 ya maji yenye glukosi gramu 20, chumvi gramu 3.5 na sodiamu baikaboneti gramu 2.5. ORS ya pakiti, ambayo WHO iliipunguza makali mwaka 2002 kwa ajili ya kuharisha, ni nyepesi mno kwa mgonjwa huyu. Maji matupu na chai vipunguzwe hadi nusu lita hivi kwa siku. Apewe loperamidi kabla ya mlo, na omeprazo ya kupunguza majimaji ya tumbo. Ni famasia gani ya hospitali ya mkoa isiyoweza hayo?

Wapasuaji nao wana deni. Kwenye majalada huandikwa urefu uliokatwa, ilhali unaoamua maisha ni uliobaki; upimwe mgonjwa akiwa bado mezani. Utumbo wa chini ukiwa mzima, ncha zote mbili zitolewe nje. Kinachotoka tundu la juu huweza kurudishwa kwenye tundu la chini kwa mrija, kazi ambayo madaktari wa Ufaransa wameifanya kwa miongo, na ambayo ndugu wa mgonjwa anaweza kufundishwa hadi siku ya kuunganishwa tena.

Wako ambao haya hayatawatosha. Mwenye chini ya mita 1 inayoishia kwenye tundu, bila utumbo mpana, kwa kawaida huhitaji kulishwa kwa mshipa. Baadhi huweza kushikiliwa kwa dripu ya chumvi chini ya ngozi usiku. Wengine watakufa, na familia ina haki ya kuambiwa hivyo mapema na waziwazi.

Wapo pia watoto wanaozaliwa matumbo yakiwa nje. Utafiti uliochapishwa katika The Lancet mwaka 2021 ulikuta wanakufa 90 kati ya 100 katika nchi za kipato cha chini, na wasiozidi 2 kati ya 100 katika nchi tajiri. Wengi wao huhitaji lishe ya mshipani kwa wiki chache tu, tena wodini, mpaka utumbo uamke. Kama fedha za lishe ya mshipani ni za kuanzia mahali, zianzie kwa hao.

Wizara ya Afya itoe mwongozo wa matibabu haya kwa kila hospitali yenye chumba cha upasuaji. Bohari ya Dawa inunue mifuko ya tumboni ya kutosha. Na bima iliyoahidiwa kwa wote na sheria ya 2023 ilipie mifuko hiyo na dawa hizo kila mwezi, kwa muda wote mgonjwa anapozihitaji.