Injini Mpya, Kadi ya Zamani: Mnunuzi Afungue Boneti

Katika biashara ya magari yaliyotumika Tarime, Sirari na Mugumu, swali la kwanza la mnunuzi ni lile lile: injini ikoje? Muuzaji hujibu kwa fahari kwamba injini ni mpya, yaani ya mtumba iliyofungwa juzi. Bei hupanda papo hapo. Kwa maoni ya safu hii, mara nyingi ingepaswa kushuka.

Sababu ni kadi. Kadi ya usajili inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) haitaji namba ya gari na ya chesisi peke yake. Inataja pia namba ya injini, ukubwa wake na aina ya mafuta. Chukua Hiace iliyosajiliwa ikiwa na injini ya 2L, cc 2,446. Mwenyewe akifunga 3L ya cc 2,779, gari litapanda vilima vya Tarime bila kuhema, lakini kwa mujibu wa kadi hilo ni gari jingine. Anayetoa injini ya petroli akaweka ya dizeli amebadilisha mambo matatu kwa mpigo.

Zamani mwenye gari alikuwa na sababu ya kuikumbuka TRA kila mwaka, kwa kuwa ada ya leseni ya gari ilifuata ukubwa wa injini. Ada hiyo ilifutwa mwaka 2017 na mzigo ukahamishiwa kwenye mafuta. Tangu hapo tofauti kati ya kadi na injini inaweza kulala miaka mingi, ikaamka siku ya kuuza, siku ya ajali au siku ya kuliweka gari dhamana benki. Hasara humwangukia aliye na gari siku hiyo, hata kama siye aliyebadilisha injini.

Kurekebisha si kazi ngumu ikiwa karatasi zipo: risiti ya injini, hati za forodha kama imetoka nje, ukaguzi wa polisi wa usalama barabarani, kisha maombi TRA ya kubadili taarifa za gari. Shida iko kwenye karatasi ya kwanza. Injini ikinunuliwa kwa kuaminiana, au ikivushwa Sirari bila kupita forodha, haina asili ya kuonyesha. Polisi wakiuliza kama ni ya wizi, maneno ya dalali si ushahidi.

Moshi nao una sheria, ingawa wengi huufanyia mzaha. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 zipo kanuni za ubora wa hewa za mwaka 2007, zinazogusa pia moshi wa magari. Kule California, Marekani, injini inayofungwa haitakiwi kuwa ya mwaka wa nyuma kuliko gari lenyewe. Kwetu hatujafika huko, na kwa bei za vipuri zilivyo pengine ni heri. Lakini mwenye Land Cruiser ya kupeleka watalii Serengeti kupitia lango la Ikoma hahitaji trafiki kumwambia kuwa wingu jeusi nyuma ya gari linafukuza wateja. Nozeli na pampu zipimwe kabla ya kulipia injini.

Kwa anayenunua wiki hii: soma namba iliyogongwa kwenye bloku, uilinganishe na kadi. Zikitofautiana, muuzaji arekebishe kwanza kwa gharama zake, ndipo fedha zitoke. Akidai hiyo ni kazi ya siku moja tu, mpe hiyo siku moja.