Nani Atampokea Mwanafunzi wa Mpimbwe?

Kila masomo yanapofunguliwa, kijana wa mwaka wa kwanza anayeshuka kwenye daladala pale Mlimani, Dar es Salaam, hana haja ya kuulizia ibada iko wapi. Vijana wa vyama vya wanafunzi Wakristo kama TAFES na CASFETA wameshajipanga na fulana zao, na Wakatoliki na Waadventista nao hawako nyuma. Watamshika begi, watamwonyesha foleni ya usajili, watamnong'oneza ni hosteli ipi maji yake hukatika. Jumapili ya kwanza itamkuta ameshaalikwa mahali patatu. Kazi hiyo ni njema, na walioijenga kwa miaka yote hiyo wanastahili shukrani. Lakini yule aliyepata nafasi katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine kule Mpimbwe, mkoani Katavi, begi lake anashika nani?

Ndugu zangu Wakristo, ramani ya elimu ya juu nchini inabadilika mbele ya macho yetu. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 425 kwa mradi wa HEET wa kuimarisha elimu ya juu, na sehemu kubwa ya fedha hizo inakwenda kwenye majengo, mengine katika mikoa ambayo haikuwahi kuona chuo kikuu cha umma. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinakwenda Lindi na Kagera. Mzumbe inakwenda Mkinga, Tanga; MUST ya Mbeya inakwenda Rukwa; Muhimbili inakwenda Kigoma. Ramani ya huduma yetu kwa wanafunzi imebaki ileile. Makongamano, watumishi wa kudumu, wahubiri wanaoalikwa kila muhula, vyote vinazunguka Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma na Mbeya. Tunaongeza maji kwenye mtungi uliojaa.

Nimesikia jibu la wakubwa wa huduma hizi: huko wanafunzi ni wachache mno, tusubiri wafike mia kadhaa. Wenye jibu hilo wakumbuke Oktoba 1961. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza na wanafunzi 14 tu wa sheria, tena katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Mgeni aliyepita hapo siku ile angeona chumba cha kuazima na vijana wa kuhesabika, akaondoka zake. Mmoja wa vijana hao, mwanamke pekee darasani, alikuwa Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria. Uchache wa mwanzoni haujawahi kuwa kipimo cha watakaotoka humo.

Kuna sababu nyingine ya kutosubiri, na kwangu hii ndiyo nzito zaidi. Katika chuo kipya hakuna mwenyeji. Hakuna mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kumwambia mwenzake kwamba Jumatano jioni tunakutana chumba fulani. Desturi zote zinaanzishwa na hao hao waliofika jana: Jumamosi watu wanafanya nini, bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likitoka linaelekea wapi, aliyefiwa anatembelewa au anaachwa na simu yake. Miaka miwili au mitatu ikipita, desturi hizo zimekwisha kuwa sheria, na atakayekuja kuzibadili atatoka jasho.

Mtu ataniambia makanisa yapo huko, na mapadre na wachungaji wapo. Ni kweli, na bila wao hakuna kitakachosimama. Ila mwanafunzi ana saa zake na maswali yake. Kipindi chake huenda kinamalizika saa moja usiku, na analohoji kuhusu asili ya viumbe au uadilifu wa madaraka huenda halijawahi kuulizwa katika jumuiya ya mtaani. Paulo alipopingwa katika sinagogi la Efeso alihamia darasa la Tirano, akafundisha humo kila siku kwa muda wa miaka miwili. Alifuata watu mahali walipozoea kukaa na kusikiliza.

Basi twende. Ila twende kwanza kutazama, kama Nehemia alivyozikagua kuta za Yerusalemu usiku, na watu wachache, kabla hajamweleza mtu mpango wake. Bango na spika zibaki nyumbani. Mtu afike siku ya kazi, maana Jumapili haitamwonyesha chuo. Akae kwenye vimbweta saa nne asubuhi, ale kwa mama ntilie anakokula mwanafunzi. Aende kwenye kibanda cha kutoa kopi, kwa kuwa mwenye kibanda anajua ratiba ya mitihani kuliko wahadhiri wengine, na anajua nani huja kuchapisha nyimbo za kwaya kisirisiri. Amuulize bodaboda wasichana wamepanga mitaa gani, na umbali gani wanatembea giza likiingia. Amuulize mlinzi ni darasa gani hubaki na taa jioni. Nadiriki kusema mara nyingi atagundua kwamba watu wawili watatu tayari wanasali pamoja mahali fulani, nyuma ya maabara au kwenye geto la mmoja wao. Hao ndio waanzilishi. Sisi ni wa kuwasaidia.

Baada ya hapo aende ofisi ya mshauri wa wanafunzi, ajitambulishe, aulize utaratibu wa kusajili kikundi. Chuo cha umma si mali ya dhehebu. Na Lindi, Kigoma na Mkinga ni maeneo yenye Waislamu wengi walioishi huko vizazi na vizazi. Anayekwenda kwa kebehi na kelele abaki kwake. Jambo hili si la adabu tu, ni la usalama pia. Aprili 2, 2015, magaidi walivamia Chuo Kikuu kishiriki cha Garissa, Kenya, kampasi iliyokuwa na miaka michache tu, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Kundi la wanafunzi Wakristo lilishambuliwa likiwa kwenye maombi ya alfajiri. Wenzao wengi walionusurika walihamishiwa Eldoret kuendelea na masomo. Tukiwahimiza vijana waanzishe maombi mahali pa mbali, tuna deni la kuwajua kwa majina, kujua wanakutana wapi, na kuwa na namba ya mtu wa karibu atakayefika haraka.

Nina neno pia kwa madhehebu yetu. Wanafunzi arobaini wakigawanywa chini ya mabango matano, kila bango na mwenyekiti wake, mtunza hazina wake na viongozi wengine wawili, tutapata viongozi ishirini na wasali ishirini. Waanze pamoja, wagawane baadaye wakiwa wengi na kama ni lazima. Na sadaka? Bumu la mwanafunzi ni chakula chake cha miezi miwili. Huduma inayofika kampasi mpya ikiwa na bahasha mkononi kabla ya Biblia imejieleza yenyewe.

Tusikomee kwenye vyuo vikuu. Vyuo vya kati vya afya, ualimu na VETA vimejaa vijana wa cheti na diploma ambao ratiba zetu haziwataji kabisa. Muuguzi wa cheti ndiye atakayekaa zahanati ya kijiji usiku wa manane, na mwalimu wa shule ya msingi ndiye atakayewafundisha watoto wetu kusoma. Anayekwenda Sumbawanga kutazama kampasi ya MUST apite na huko, nauli ni ileile.

Masomo hufunguliwa kati ya Oktoba na Novemba. Tawi lolote la wanafunzi lenye wanachama mia mbili linaweza kuchangishana nauli ya basi ya watu wawili kufika Katavi kabla ya hapo, na mmoja wao awe mzaliwa wa kule. Wapewe siku tatu za kukaa, na barua ya kumwona paroko au mchungaji wa karibu.