Ua Linalonuka Mzoga

Ukisikia mji unaitwa Maua utadhani huko hewa yote ni marashi. Lakini hebu shuka kutoka mji huo wa milima ya Nyambene, uache majani chai na miraa nyuma yako, uteremke kuelekea lango la Murera la Mbuga ya Meru. Utaingia nchi ya joto na migunga. Katika nchi kavu za namna hiyo, kutoka Ukambani hadi kaskazini mwa Kenya, huota maua ambayo huwezi kumpelekea mchumba.

Mimea yenyewe hujificha chini ya vichaka vya miiba. Haina majani ya kuonekana, na shina lake ni nene, lenye kingo na maji tele. Wengi huiita dungusi, nao hukosea, kwani dungusi asili yake ni Amerika. Wataalamu wana majina yao: Caralluma, Huernia, na Edithcolea iliyopewa jina mwaka 1895 kwa heshima ya Bi. Edith Cole, aliyeikusanya Somalia. Ua la Edithcolea hufika upana wa sentimita 10 na zaidi, la manjano lenye madoa ya rangi ya damu iliyokauka, mithili ya zulia la Uajemi.

Ya Caralluma niliijua kwa pua. Rafiki alinipa kipande nikakiweka roshani. Kilipochanua tulisogeza makochi yote tukitafuta panya aliyekufa! Kitinda mimba wetu ndiye aliyekuwa na akili; aliwafuata nzi.

Maana nzi ndio wageni walioalikwa. Nzi jike hudhani amepata nyama iliyooza, akataga mayai papo hapo. Mabuu wakianguliwa hufa njaa, kwani nyama haipo. Naye mama yao, akihangaika uani, hunaswa mguu au mdomo katika ufa mwembamba, na akijinasua huondoka na vifurushi viwili vya chavua vilivyombana kama kibanio cha nguo. Akidanganywa tena kwa ua jingine, huviacha huko. Ndipo mmea huzaa maganda mawili kama pembe, na mbegu zenye nywele za hariri zikapeperushwa na upepo.

Ukisafiri, tafadhali usiung'oe. Mmea huu hukua polepole, na wengi wanaoupeleka nyumbani huuozesha kwa maji. Omba kipande kwa anayeupanda, kikaushe kivulini wiki moja, kisha ukitie katika udongo wa changarawe. Shina likitoa utomvu mweupe kama maziwa, liache: hilo ni jamii ya mnyaa, na utomvu wake hudhuru macho vibaya.

Wetu ungalipo. Ukikaribia kuchanua, mama watoto huuhamishia ngazini, na jirani wa ghorofa ya juu bado anatafuta panya.