CHEREHANI ISIUZWE KWA KILO

Wahenga walinena kuwa cha kale dhahabu, na siku hizi naona vijana wamewasikia vizuri sana. Tazameni siku tunapokuja shuleni bila sare. Huyu amevaa suruali yenye pindo pana kama kengele, ile waliyotamba nayo vijana wa miaka ya 1970. Yule ana gauni la maua lenye ukosi mpana na mshipi wa kitambaa kiunoni. Ukiuliza utaambiwa ati ni vinteji. Imechaguliwa Gikomba, ikafuliwa, ikapigwa pasi, ikapigwa picha, kisha ikauzwa kwa simu kwa bei ambayo ingenunua nguo tatu.

Mimi sina ubaya na jambo hilo. Nguo za zamani nyingi zilishonwa zikashoneka. Pindua gauni kama hilo ndani nje utaona pindo limekunjwa mara mbili na kuachiwa kitambaa cha akiba, ili mtoto akirefuka, pindo literemshwe. Linaloniudhi ni kwamba mtu anatoa pesa kununua gauni la zamani, na huko kwao cherehani iliyoweza kulishona imewekwa nyuma ya nyumba, kuku wanalalia meza yake, ikimngoja mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Naye, jamani, haulizi kama inashona. Anaiweka kwenye mizani, anataja bei ya kilo, basi.

Kwetu jambo hili limefika mlangoni. Mjomba wangu anataka cherehani ya nyanya iuzwe kwa kuwa inajaza chumba. Nyanya ameinunua mwaka 1974 kwa pesa za pamba, tena ikiwa imekwisha kutumiwa na mama mwingine. Ni Singer ya kukanyaga kwa miguu. Nambari iliyopigwa kwenye chuma chake inaanza na herufi EM, na kwa nambari hizo hujulikana kuwa ilitoka katika kiwanda cha Clydebank, Scotland, miaka ya 1950. Kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 1980. Mashine bado inashona! Kinachokatika ni mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu, na mkanda mtu hununua mwingine sokoni. Haitaki stima. Haitaki chochote ila mafuta kidogo, sindano nzima na miguu miwili.

Kwa cherehani hiyo nyanya alisomesha watoto watano. Mchana alikuwa shambani, usiku akishona sare za watoto wa kijiji kwa mwanga wa taa ya mafuta. Mjue kwamba zamani cherehani haikuwa pambo la nyumba. Isaac Singer alipata hataza ya mashine yake huko Marekani mwaka 1851, na kabla ya mwongo huo kwisha kampuni yake ilikuwa ikiuza kwa malipo ya kidogo kidogo, haya tunayoyaita lipa pole pole. Sababu ni kwamba ilikuwa ghali, na mnunuzi alitarajiwa kuilipia kwa kazi ya mashine yenyewe.

Sisemi kwamba zamani ilikuwa peponi, la hasha. Nyanya mwenyewe hucheka akisikia tukiisifu. Nguo mpya ilikuja Krismasi, tena ikishonwa kubwa makusudi ili ivaliwe miaka miwili, halafu ikateremka kwa mdogo wako, na kwa mdogo wake, mpaka ikawa kitambaa cha kufutia taa. Pasi ilikuwa ya makaa. Cheche moja ikidondoka, shati la Jumapili limetoboka. Na vile vitambaa vyeupe vya kufuma vilivyofunika kila kiti, meza na redio, ni nani aliyevifua? Ni akina mama hao hao. Wavulana hawakufundishwa hata kushika sindano. Hayo ya zamani siyataki.

Lakini kuna jambo moja lililonifungua macho, nalo si la zamani. Mwezi Machi mwaka 2020, korona ilipoingia, serikali ilisimamisha uingizaji wa mitumba kutoka nje, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi Agosti. Wakati huo huo kila mtu alitakiwa avae barakoa. Kule Kitui kiwanda cha kaunti, KICOTEC, kilizishona kwa wingi. Kwetu sisi kiwanda kilikuwa nyanya. Alikata leso yake moja kuukuu, akatushonea wote nyumbani, kisha majirani. Nilikuwa mdogo, kazi yangu ilikuwa kutia uzi kwenye tundu la sindano kwa sababu macho yake hayaoni vizuri. Wakati ule sikumsikia mjomba akisema cherehani inajaza chumba.

Tumezoea mno nguo kuja zikiwa tayari. Mitumba ilipoanza kumiminika nchini miaka ya 1990, na nguo nyingine za nje zikafuata, viwanda vyetu vya nguo viliyumba. KICOMI cha Kisumu kilifungwa. Rivatex ya Eldoret ilianguka mpaka Chuo Kikuu cha Moi kikainunua mwaka 2007. Kuna sababu nyingine pia, hata uongozi wa viwanda, nami sitaki kuwalaumu akina mama wa mitumba, maana sweta niliyovaa nikiandika haya imetoka kwao. Nasema tu kwamba ujuzi wa mikono ulikwenda pamoja na hivyo viwanda. Leo kidato cha tatu kizima, mtu akikatikiwa na kifungo anafunga shati kwa pini hadi muhula uishe.

Sasa wavulana wenzangu mtanicheka. Chekeni! Hivi wale mafundi mnaowaona barazani Biashara Street, Mombasa, wakipinda leso kutwa nzima, si wanaume? Mbona kazi ikiwa na malipo ni ya mwanamume, na ikiwa ya nyumbani ni ya dada yako? Mimi najua kupinda suruali, kutia kiraka na kubadilisha zipu. Kila pindo ni shilingi 50 ambazo sijampelekea fundi. Fundi naye asinikasirikie. Sare mpya na nguo za harusi ni zake, hata nikijaribu siwezi.

Kwa walimu wetu nina ombi. Katika chumba cha sayansi kimu kuna cherehani nne zilizofunikwa shuka. Wanaozigusa ni wale tu waliochagua somo hilo, kwa kuwa katika KCSE wana karatasi nzima ya kushona. Sisi wengine tunazichungulia dirishani. Tufunguliwe Jumatano moja kila mwezi, saa ya vyama, mvulana kwa msichana. Uzi tutachanga wenyewe. Suruali za kujifunzia hazitakosekana, ukitazama magoti ya wadogo zetu.

Mjomba amekubali kungoja hadi Desemba. Nimekwisha nunua mkanda mpya.