Wasiwasi Uliopita Kiasi ni Kazi ya Daktari

Askari wa zamu afungapo ghala la silaha, kisha akarudi kulikagua kufuli mara ya pili, twamsifu, kwani huo ndio ulinzi. Lakini yuko askari arudiye mara ya ishirini na mara ya arobaini, hali ajua fika kwamba kufuli limefungwa, ila moyo wake hautulii. Mwingine huosha mikono hata ngozi ikachubuka. Mwingine huhesabu risasi zile zile hadi alfajiri. Wenzake humcheka, na mkubwa wake humwandikia adhabu ya uchelewaji. Naamini kwamba adhabu hiyo haina faida, na kwamba mtu huyo yafaa apelekwe kwa daktari kama apelekwavyo mgonjwa wa malaria.

Hali hii Waswahili waijua kwa jina la wasiwasi, neno lililotoka katika Kiarabu, ambalo wanazuoni walilitumia hasa kwa mtu arudiaye kutawadha bila kukoma. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliuhesabu wasiwasi miongoni mwa maradhi ya nafsi. Basi fikira ya kwamba jambo hili ni ugonjwa haikuzaliwa jana.

Sayansi ya leo imesogeza mbele maelezo hayo kwa njia tatu. Kwanza ni urithi. Ugonjwa huu huonekana zaidi katika baadhi ya koo, na mapacha wanaofanana kabisa huupata pamoja mara nyingi kuliko mapacha wasiofanana. Pili ni mzunguko wa habari ndani ya ubongo, kati ya sehemu ya mbele iliyo juu ya macho na viini vilivyo ndani kabisa. Sehemu ya mbele hupiga king'ora cha hatari. Viini vya ndani, ambavyo kazi yao ni kuchuja na kukizima, hushindwa kufanya hivyo. Mgonjwa huona kwa macho yake kwamba mlango umefungwa, na king'ora chaendelea kulia. Tatu ni maradhi mengine. Mwaka 1998 Dakta Susan Swedo wa Marekani na wenzake walieleza habari za watoto ambao dalili hizi ziliwazukia ghafla baada ya kuambukizwa vijidudu vya streptokoka, vile vile viletavyo maumivu ya koo. Jambo hilo wataalamu wangali wakilijadili.

Hata hivyo tusiyatie chumvi maelezo haya. Hakuna kipimo cha damu cha kuutambua ugonjwa huu. Daktari huutambua kwa mazungumzo. Dawa kama klomipramini na fluoksetini, zinazogusa kemikali ya ubongo iitwayo serotonini, huwasaidia wengi baada ya wiki kadhaa. Lakini hilo halithibitishi kwamba mgonjwa alipungukiwa na serotonini, kama vile panado itulizavyo kichwa bila kuthibitisha kwamba kichwa kilipungukiwa na panado.

Wala asidhani mtu kwamba ugonjwa wa ubongo hauna dawa ila vidonge. Mwaka 1992 Lewis Baxter na wenzake wa Los Angeles walipiga picha za ubongo wa wagonjwa kabla ya tiba na baada yake. Baadhi walipewa fluoksetini. Wengine walizoezwa kukabili wanachokiogopa bila kurudia tendo lao. Katika wale waliopata nafuu, wa dawa na wa mazoezi, kiini kile kile cha ndani kilipunguza kasi ya kazi yake. Askari aliyepitia kwata ataelewa upesi kwamba mazoezi huujenga hata ubongo.

Liko jambo jingine zito kwetu tubebao bunduki. Wagonjwa wengine husumbuliwa na fikira ya kumdhuru mwenzao, fikira wanayoichukia na kuiogopa kuliko mtu yeyote. Fikira hiyo haina undugu na nia ya kuua. Lakini askari huificha kwa kuhofia kunyang'anywa silaha na cheo, akabaki peke yake na mateso yake. Kamanda asijifanye hakimu wala tabibu; amsikilize kwa faragha, amwachie daktari uamuzi, na wala asimwite mwoga au mwenye mapepo.

Sisi tulio Masaka hatuna udhuru wa umbali. Hospitali ya Masaka ipo hapa hapa, Hospitali ya Kijeshi iko Kanombe, na hospitali ya maradhi ya akili ya Ndera, iliyoanzishwa na Mabruda wa Upendo mwaka 1968, haiko mbali. Kilichobaki ni ulimi wa koplo na sajini. Wao ndio wa kwanza kumwona askari anayerudi mlangoni kwa mara ya arobaini, na neno lao la kwanza ndilo litakaloamua kama ataificha siri yake au ataifuata tiba.