Neno la Mhariri: Mwanafunzi wa Cologne

Mechi tatu, pointi mbili, bao moja, mkiani mwa kundi. Kwa jedwali hilo, Israel ilikwenda kwenye Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970 kusindikiza wenzake, na kocha wake, Emmanuel Scheffer, hastahili kufungua toleo linalohusu makocha. Nimempa nafasi hiyo kwa makusudi.

Tuangalie walicheza na nani. Walifungwa 2-0 na Uruguay, iliyofika nusu fainali. Wakatoka sare 1-1 na Sweden, kwa bao la Mordechai Spiegler. Kisha pale Toluca, mji ulio zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, waliibana Italia ya Luigi Riva na Sandro Mazzola dakika zote tisini bila bao. Siku kumi baadaye Italia hiyohiyo ilikuwa fainalini na Brazil. Ligi ya Israel wakati huo ilikuwa ya ridhaa, watu wanatoka kazini ndipo wanakwenda mazoezini. Scheffer aliwaongezea mazoezi na kuwakamua kama wachezaji wa kulipwa. Manung'uniko hayakukosekana. Lakini miaka miwili kabla, katika Olimpiki ya 1968, tayari walikuwa wameifunga Ghana 5-3 na kufika robo fainali, wakatolewa na Bulgaria kwa kura baada ya sare.

Ujuzi huo aliutoa wapi? Hapa ndipo waandishi wengi wa michezo hupotea njia. Scheffer alizaliwa Berlin mwaka 1923, akakulia Ujerumani hadi Wanazi waliposhika madaraka na familia yake ikakimbia. Vita vilipowafuata Drohobych, mashariki mwa Poland ya zamani, yeye alitorokea ndani ya Umoja wa Kisovieti. Familia yake iliuawa. Baada ya vita alicheza mpira Poland, mwaka 1950 akahamia Israel, akachezea Hapoel Haifa. Halafu, mwishoni mwa miaka ya 1950, alirudi Ujerumani kusomea ukocha katika chuo cha michezo cha Cologne, mwalimu wake akiwa Hennes Weisweiler.

Wengi huisimulia safari hiyo kama hadithi ya msamaha. Sikubaliani nao. Ujerumani Magharibi ilikuwa imetwaa Kombe la Dunia mwaka 1954, Kijerumani kilikuwa lugha ya utoto wake, na yeye alitaka kuijua kazi. Kumfanya nembo ya maridhiano ni kumnyang'anya akili yake ya ufundi, kana kwamba mtu aliyeteswa hawezi kufunga safari ya masomo kwa ajili ya masomo tu.

Urafiki na Weisweiler ulizaa matunda, ndiyo. Mwaka 1972 beki Shmuel Rosenthal alisajiliwa na Borussia Mönchengladbach, klabu aliyoinoa Weisweiler. Kabla ya hapo, Februari 1970, klabu hiyo ilikuwa imekwenda Tel Aviv kwa mwaliko wa Scheffer na kuichapa timu yake ya taifa 6-0, huku mashabiki wa nyumbani wakiwashangilia wageni. Kocha anayelinda jina lake haaliki kipigo cha namna hiyo miezi mitatu tu kabla ya Kombe la Dunia. Mexico, vijana walewale waliruhusu mabao matatu katika mechi zote tatu.